TUFUNDISHE MACHO KABLA YA MIKONO



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, lishe ya watoto wadogo na afya ya mama mjamzito. Mwezi huu naomba tuzungumze juu ya ugonjwa ambao hauletwi na mbu wala maji machafu. Ni ajali za barabarani, hasa zile za pikipiki, zinazowapata vijana wetu wa miaka 14 hadi 18. Nauita ugonjwa kwa makusudi. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa duniani kwa ajali za barabarani. Kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kitu kinachoua zaidi ya ajali hizo. Na katika kila vifo kumi, tisa hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu.

Ugonjwa wowote una chanzo, una njia ya kuenea na una kinga. Lakini huu tumeuachia methali: "Ajali haina kinga." Tukishasema hivyo tunazika, tunakula rambirambi, na kijana mwingine anapewa ufunguo wa pikipiki.

Miwani ya kuigiza barabara

Vijana wa parokia wameniuliza juu ya jambo walilolisikia redioni na kuliona kwenye simu zao: kwamba huko ng'ambo vijana hufundishwa udereva salama kwa kuvalishwa miwani mikubwa inayofunika macho yote. Kitu hicho huitwa uhalisia pepe. Ndani ya miwani mna vioo vya picha vinavyomwonyesha mvaaji barabara, magari na watu. Akigeuza kichwa kulia, naye anaona upande wa kulia wa barabara hiyo. Akitazama nyuma, anaona nyuma. Mwili wake umeketi kitini, lakini macho yake yanasadiki kuwa yuko safarini.

Katika maonyesho ya magari ya Detroit, Marekani, kampuni ya Toyota iliwaketisha watu ndani ya gari lililosimama na kuwavalisha miwani ya namna hiyo. Wakati wanaendesha katika mji wa kuigizwa, ujumbe wa simu uliingia, redio ilipiga na marafiki wa kuigizwa walipiga soga. Lengo lilikuwa kumwonyesha kijana jinsi akili inavyotekwa kwa urahisi, na jinsi ajali inavyotokea katika nukta hiyo moja aliyotazama pembeni. Uzuri wake ni kwamba alikosea bila kumwaga damu ya mtu.

Swali walilouliza vijana ni hili: je, miwani hiyo ikiletwa huku kwetu, itatusaidia? Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa kazi moja tu. Na kazi hiyo tunaweza kuianza mwezi huu bila miwani.

Utafiti umetufundisha nini

Watu wengi hudhani kwamba kijana akifundishwa vizuri kuendesha chombo, ajali zitapungua. Jambo hilo limepimwa. Katika wilaya ya DeKalb, jimbo la Georgia, Marekani, wanafunzi zaidi ya 16,000 wa sekondari waligawanywa katika makundi. Wengine wakapewa mafunzo marefu ya udereva, wengine mafupi, na wengine hawakupewa shuleni kabisa. Mwaka 2001 watafiti wa London, Ian Roberts na Irene Kwan, waliunganisha utafiti huo na mingine ya namna hiyo. Hawakupata ushahidi kwamba mafunzo ya udereva shuleni yanapunguza ajali. Walichokiona ni kwamba waliofundishwa walipata leseni mapema zaidi kuliko wenzao, yaani waliingia barabarani wakiwa bado wadogo.

Huko Norway nako vijana walifundishwa ufundi wa kuendesha gari kwenye barabara yenye utelezi wa barafu. Matokeo yake ajali ziliongezeka kwa vijana wa kiume. Sababu ni rahisi kuielewa: walitoka kwenye mafunzo wakiwa wanajiamini kupita uwezo wao. Aliyekuwa akiogopa utelezi akapunguza mwendo, sasa aliuona utelezi kuwa mchezo.

Hata hivyo, kuna mafunzo ya aina nyingine ambayo yameonyesha matunda. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walitengeneza somo fupi la picha kwenye kompyuta. Somo hilo halimfundishi kijana kushika usukani. Linamwonyesha picha ya barabara, na kumwuliza: hatari iliyojificha iko wapi hapa? Mathalani, lori limesimama pembeni karibu na kivuko cha miguu. Barabara inaonekana tupu. Mwanafunzi anatakiwa aoneshe kwa kidole mahali ambapo mtu asiyeonekana anaweza kutokea. Somo hilo lilijaribiwa California kwa vijana zaidi ya 5,000 waliokuwa wamepata leseni, na matokeo yakatolewa mwaka 2016. Katika mwaka uliofuata, vijana wa kiume waliosoma somo hilo walipata ajali pungufu kwa karibu asilimia 23 kuliko wenzao. Kwa wasichana haikuonekana tofauti ya maana.

Mwaka 2018 watafiti wa chuo hicho hicho walieleza kuwa waliliweka somo hilo ndani ya miwani ya uhalisia pepe. Vijana waliofundishwa kwa miwani walizitambua hatari zilizojificha kuliko waliofundishwa kwa picha za kompyuta, na kuliko sana wale ambao hawakufundishwa. Lakini tusishangilie mno. Vijana hao walikuwa wachache, nao walipimwa kwenye mashine ya kuigiza uendeshaji, hawakupimwa kwenye barabara yenyewe.

Ndugu wasomaji, tukiyaweka haya pamoja tunapata fundisho moja. Kumfundisha kijana mikono, yaani ufundi wa kukiendesha chombo, hakumkingi. Pengine kunamwongezea kiburi. Kumfundisha macho, yaani kuitarajia hatari asiyoiona bado, kunaweza kumkinga.

Hali yetu huku Kharumwa

Vijana wa Massachusetts hufundishwa juu ya magari kwenye lami. Vijana wetu hawaendeshi magari. Wanaendesha pikipiki kwenye barabara za changarawe na vumbi, baina ya mashamba ya mpunga, minada ya ng'ombe na machimbo ya dhahabu. Baba akiuza mpunga vizuri, au kaka akipata fungu lake kwenye duara, kitu cha kwanza kununuliwa ni pikipiki. Silaumu. Pikipiki imewafikisha akina mama wengi wodini kwetu wakiwa bado hai, kutoka vijiji ambako gari halipiti wakati wa masika.

Tatizo ni namna tunavyojifunza. Kijana hufundishwa jioni moja kwenye uwanja wa mpira. Rafiki yake humwonyesha klachi iko wapi, gia zinaingiaje, breki ya mguu na ya mkono. Akizunguka uwanja mara tatu bila kuzimisha injini, basi ameshakuwa dereva. Kesho yake anabeba gunia, na kesho kutwa anapakia watu, hata mishikaki ya watu watatu. Uwanjani hapakuwa na ng'ombe, wala fuso, wala mtoto anayekimbilia mpira. Amefundishwa mikono peke yake.

Sisi wauguzi tunawapokea. Mfupa wa paja ukivunjika, mtu anaweza kupoteza lita moja ya damu au zaidi ndani ya paja lenyewe, bila kidonda cha nje kinachotisha. Ndugu wanasema "amevunjika tu," kumbe anaishiwa damu. Asipofanyiwa upasuaji wa kuunga mfupa, mguu huvutwa kwa uzito kitandani wiki nyingi, mara nyingi sita hadi kumi na mbili. Kijana wa sekondari akilala muda huo, muhula umempita. Waliopasuka kichwa tunawapeleka Bugando, Mwanza. Daraja la Kigongo-Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025 tuliondokana na kusubiri kivuko, na tunamshukuru Mungu. Lakini ubongo uliokwisha kuumia hauponi kwa sababu tu safari imekuwa fupi.

Je, tuwafundishe kuendesha mapema?

Wapo wanaosema: "Hawa watoto wanaendesha tayari. Kuliko wajifunze ovyo uwanjani, afadhali shule au parokia iwafundishe vizuri wakiwa na miaka 15." Hoja hiyo ina nguvu na wanaoisema wana nia njema. Mzazi aliye mbali na kisima na mbali na zahanati anamtegemea kijana huyo kweli kweli.

Hata hivyo naipinga, na sababu yangu ni ule utafiti wa DeKalb. Tukimfundisha mtoto wa miaka 15 kuendesha pikipiki, na tena tukimpa cheti chenye muhuri wa parokia, tumemwambia yeye na baba yake kwamba sasa yuko tayari. Kesho yake atakuwa barabarani. Lakini sheria ya nchi haimpi leseni ya pikipiki hizi za kawaida kabla ya kutimiza miaka 18, nayo haikuweka umri huo kwa kumwonea. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima hatari na kuzuia tamaa, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Mtoto wa miaka 15 anaweza kuwa na mikono myepesi kuliko ya baba yake. Asichokuwa nacho ni ile breki ya ndani, hasa akiwa amepakia marafiki wanaomwambia "vuta mafuta."

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Chini ya miaka 18 tuwafundishe macho. Wote, wavulana na wasichana, kwa sababu wote ni watembea kwa miguu na wote ni abiria. Akifika miaka 18, aende VETA au shule ya udereva inayotambuliwa akafundishwe mikono, apate leseni daraja A, ndipo apewe ufunguo. Atakapofika huko, macho yake yatakuwa yamekwisha kufunzwa miaka mitatu au minne.

Somo la macho bila miwani

Somo hili linaweza kutolewa na mwalimu, katekista au kiongozi wa VIWAWA au TYCS, kwa muda usiozidi saa moja. Panahitajika simu moja yenye kamera, au hata ubao na chaki.

Kwanza, piga picha kumi za barabara zenu wenyewe, mahali ambapo dereva angekuwa. Fuso limesimama pembeni siku ya gulio. Ng'ombe mmoja amevuka na wengine bado wako upande wa pili. Kona yenye mahindi marefu. Lori limepita na kuacha wingu la vumbi. Korongo lililochimbwa na mvua kwenye ukingo wa barabara. Wanafunzi wanaotembea alfajiri. Baiskeli yenye mkaa jioni, isiyo na taa.

Pili, kwa kila picha uliza maswali matatu tu. Nini hakionekani hapa? Kikitokea, kitatokea upande gani? Ningepunguza mwendo kuanzia wapi? Acha vijana wabishane. Mwenye ng'ombe atawaambia wenzake kwamba ng'ombe mmoja akivuka wengine humfuata, nao hawatazami pikipiki. Hapo kijana amefundishwa na kijana mwenzake, na hatasahau.

Tatu, watoke nje na kamba. Pikipiki inayokwenda kilometa 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika sekunde moja. Wapime mita 17 kwenye barabara. Mmoja asimame mwanzo, mwingine mwisho. Waambie: huu ndio umbali utakaoupita kabla mkono wako haujaanza kukamata breki vizuri, na baada ya hapo bado utateleza kwenye changarawe. Nimeona nyuso za vijana zikibadilika wakiitazama kamba hiyo, maana walidhani pikipiki husimama pale pale wanapoona hatari.

Nne, wafundishwe kuwa abiria. Abiria ana haki ya kusema "punguza mwendo," na ana haki ya kushuka. Msichana akusanye kitenge chake kisiingie kwenye gurudumu. Kofia ngumu ivaliwe na dereva na abiria, na mkanda wake ufungwe chini ya kidevu. Kofia isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijagusa ardhi. Uchambuzi wa tafiti nyingi, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha kuwa kofia ngumu hupunguza vifo vya wapanda pikipiki wanaopata ajali kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hakuna dawa katika kabati letu yenye nguvu hiyo kwa ubongo uliopasuka.

Miwani ikiletwa

Ikiwa siku moja shirika au mfadhili atatuletea hiyo miwani, tuipokee kwa shukrani, lakini tuombe mambo manne. Barabara iliyomo ndani iwe kama yetu, yenye pikipiki, vumbi na ng'ombe. Barabara ya Detroit haitamfundisha kitu kijana wa Kharumwa. Somo liwe la kutafuta hatari, lisiwe mchezo wa mashindano ya mbio. Lisitegemee kutisha peke yake, kwa maana hofu huisha baada ya siku chache, lakini mazoea ya kutazama hubaki.

La nne ni la afya. Baadhi ya watu hupata kizunguzungu na kichefuchefu, kwa sababu macho yanasema mwili unakwenda na sikio la ndani linasema umetulia. Kijana avae akiwa ameketi, kwa dakika chache, na avue mara akijisikia vibaya. Mwenye kifafa asivae kabla ya kuongea na daktari, maana taa za kumetameta zinaweza kumletea degedege. Na kwa kuwa miwani hiyo hugusa uso, ifutwe kwa spiriti kila inapotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, tusije tukawagawia watoto darasa zima macho mekundu.

Barabara nayo ifundishwe

Haitoshi kumfundisha mtoto tukaiacha barabara ilivyo. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend liliyapima maeneo ya shule yenye ajali nyingi, kisha likajenga matuta, njia za miguu, vivuko na uzio wa kuwaongoza watoto. Kazi hiyo, iliyofanyika katika nchi kadhaa za Afrika, ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross mwaka 2019. Hayakuwa mambo ya ajabu, yalikuwa saruji, rangi na kuitazama barabara kwa urefu wa macho ya mtoto. Kamati za shule na serikali za vijiji zetu zinaweza kuomba tuta mbele ya shule. Picha za lile somo la macho ndizo ushahidi wa kuambatanisha na barua.

Neno kwa wazazi Wakristo

Wapo wanaosema ajali ni mapenzi ya Mungu. Wengine hutafuta nani amemroga mtoto. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inapoeleza amri ya tano, inafundisha kuwa wanaohatarisha maisha yao na ya wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi wana hatia kubwa. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa linaloshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo mzima juu ya uchungaji wa watu wa barabarani. Kanisa linalihesabu jambo hili kuwa la dhamiri. Mzazi anayempa mtoto wa miaka 15 ufunguo hana nia ya kuua, lakini amekwisha kulianza jambo ambalo hawezi kulisimamisha likiwa katikati ya barabara.

Najua kuna gharama. Baba atakayeuficha ufunguo atalazimika kulipa bodaboda kupeleka gunia, au kulipeleka mwenyewe baada ya shamba. Naomba Jumuiya Ndogo Ndogo zisaidiane katika hilo, kama tunavyosaidiana katika misiba. Ndugu mwenye leseni ambeba mama wa jirani siku ya kliniki. WAWATA wachangie kofia ngumu mbili au tatu za kuazimana kigangoni. Na katika mkutano ujao wa jumuiya, kabla ya sala ya mwisho, kila familia yenye pikipiki iseme mbele ya wengine nani katika nyumba hiyo anaruhusiwa kuiendesha, na ana miaka mingapi.

Mungu awabariki, na awalinde vijana wetu njiani.